Chakula Kijengacho Mwili na Kazi ya Viungo

Kila mtu wa pwani ajua jinsi nyumba ya udongo ijengwavyo. Husimamishwa miti, hufungwa fito, kisha fundi hukandika udongo mpaka ukuta ukakamilika. Udongo uliorundikwa kiwanjani pasipo fundi hauwi ukuta, hata ukikaa hapo miaka kumi. Na fundi aliyeitwa pasipo udongo atakaa bure. Au, akilazimishwa, atabomoa ukuta wa jikoni apate kuziba ufa wa sebuleni. Mwili wa mwanadamu nao ndivyo ulivyo. Chakula kijengacho mwili, ambacho wataalamu hukiita protini, ndicho udongo; na kazi ya viungo ndiyo fundi. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za vitu hivi viwili, na kwa nini kimoja bila ya kingine hakimfikishi mtu kwenye uzee mwema.

Tuitazame nyumba moja, kwa mfano tu, katika kata ya Tangini, mjini Kibaha. Ndani yake yumo bibi mwenye miaka sabini. Yumo mama alimaye mihogo na kuteka maji. Yumo kijana mwenye bodaboda. Na yumo mtoto mdogo aliyeachishwa ziwa. Mama hufanya kazi tangu alfajiri, lakini akipakua chakula hujiwekea ugali na mchuzi, kitoweo akawaachia wengine. Kijana hula chipsi na mayai kando ya barabara, wala miguu yake haikanyagi ardhi ila kwa hatua chache mpaka usiku. Bibi hupendwa na kuheshimiwa, na kwa heshima hiyo huambiwa, "Kaa, bibi, usijisumbue," naye hukaa mkekani siku nzima, akala kidogo kwa kuwa hana njaa. Mtoto hucheza kutwa, lakini bakuli lake lina uji mweupe mtupu. Basi watu wanne wako chini ya paa moja: wawili wana fundi na hawana udongo, mmoja ana udongo na hana fundi, na bibi amekosa vyote viwili. Wala si kwa umaskini peke yake. Ni kwa kutojua kugawa.

Kwanza tuseme protini ni nini. Ni kitu kilichomo katika nyama, samaki, mayai, maziwa, kunde na jamii zake, na kwa uchache katika nafaka. Tumbo hukivunja kikawa vipande vidogo viitwavyo asidi amino. Namna zake ni 20, na katika hizo 9 mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea. Hapana budi zitoke katika chakula. Kwa vipande hivyo mwili hujenga misuli, ngozi, damu, na askari wake wa kupigana na maradhi. Tena yafaa kujua jambo hili: mafuta yaliyozidi mwili huyaweka akiba, lakini protini haina ghala la namna hiyo. Akiba yake ni misuli yenyewe. Mtu akiugua, au akikosa chakula, mwili hutoa katika misuli, kama yule fundi abomoaye ukuta wa jikoni. Mwenye misuli mingi hustahimili ugonjwa mrefu. Mwenye misuli michache hulala kitandani, asiamke tena kwa nguvu zake.

Sasa twaulizwa, mtu ahitaji protini kiasi gani? Shirika la Afya Duniani, pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo na Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, yalitoa taarifa mwaka 2007 kwamba mtu mzima mwenye afya hutoshelezwa na gramu 0.83 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 60, basi, atoshelezwa na gramu kama 50. Wazee wahitaji zaidi, kwa kuwa mwili wa mzee hausikii wito wa chakula upesi kama wa kijana. Jopo la wataalamu lilishauri mwaka 2013 kwamba waliopita miaka 65 wapate gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo. Desturi yetu, lakini, ni kinyume: mzee hupewa uji mwepesi, na kijana mapaja ya kuku.

Tuje kwenye chakula cha nchi yetu. Kibaha na Kisarawe ni nchi ya mihogo, minazi, miembe na mikorosho. Muhogo ni rafiki mwaminifu. Hustahimili ukame na hungoja ardhini mpaka mwenyewe amhitaji. Lakini protini yake ni haba mno. Gramu 300 za unga wa mihogo hazina ila gramu kama 5 za protini. Gramu 300 za unga wa mahindi zina kama 24. Mtu akila ugali wa mahindi wa unga huo kwa siku nzima, na kikombe kimoja cha kunde zilizopikwa, chenye gramu kama 13, na gramu 30 za dagaa wakavu, wenye gramu kama 18, amekwisha pata gramu 55. Lakini alaye ugali wa mihogo na kitoweo kilekile hupata 36 tu. Asiwe na huzuni: aongeze yai moja, lenye gramu 6, na konzi moja nzuri ya karanga, yenye gramu kama 12, naye atafika 54. Hatusemi, basi, watu waache mihogo. Twasema kwamba alaye mihogo asile kitoweo kwa kuonja, bali akile kwa kushiba.

Tena protini ya nafaka ina upungufu wake, na ya kunde ina upungufu mwingine, na kila moja humkamilisha mwenziwe. Kwa hiyo wazee wetu waliokula ugali kwa maharage, au wali kwa mbaazi, walikuwa wakila kwa hekima, ijapokuwa hawakuwa na mizani wala kitabu. Kisamvu nacho kina protini kuliko mboga nyingi za majani. Kikitwangwa na kupikwa vizuri kwa karanga au nazi ni chakula bora, lakini sharti kipikwe sana, kwa kuwa kikiwa kibichi kina sumu. Korosho zitupitazo mikononi kwenda sokoni zina protini karibu gramu 18 katika kila gramu 100. Haidhuru kuuza, lakini yafaa kubakiza konzi moja ya nyumbani. Kadhalika mayai. Wako watu waaminio kwamba mwanamke mwenye mimba au mtoto mdogo asile yai. Imani hiyo haina msingi. Hao ndio walihitajio kuliko baba mwenye nyumba. Uji wa mtoto utiwe unga wa karanga, au maziwa, au dagaa waliosagwa laini, naye atajengwa.

Habari ya chakula na maumbile ya watu ilipimwa zamani katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1931 mabwana John Boyd Orr na J. L. Gilks walitoa taarifa ya uchunguzi wao Kenya, wakiwalinganisha Wamasai, waliokuwa wakila maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, waliokuwa wakila zaidi nafaka, viazi na kunde. Waliona kwamba mwanamume wa Kimasai alimzidi mwenziwe urefu kwa inchi 5, na uzito kwa ratili 23. Taarifa hiyo ilivuma sana. Lakini msomaji mwenye akili ataona kwamba makabila hayo hayakuhitilafiana kwa chakula peke yake. Asili zao zilikuwa mbali, na kazi zao pia. Mmoja alitembea na ng'ombe kutwa, na mwingine aliinama shambani. Kwa hiyo haifai kusema, "Nyama ndiyo iliyofanya yote." Chakula kilifanya sehemu yake, na mambo mengine sehemu yake.

Basi tumtazame fundi. Kuanzia miaka 30 au 40 misuli ya mtu hupungua kidogo kidogo, asilimia 3 hadi 8 katika kila miaka 10, na baada ya miaka 60 mwendo huo huzidi. Mtu haoni, kama asivyoona maji yapunguayo mtungini kwa ufa mwembamba. Siku moja ashindwa kuinuka kitini pasipo kushika meza. Siku nyingine ajikwaa kizingitini na kuvunjika nyonga. Kazi ya viungo ndiyo izibayo ufa huo. Misuli ikivutwa kwa uzito huuambia mwili, "Hapa pana kazi, leteni udongo." Isipovutwa, mwili huiona kuwa mzigo usio faida, ukaipunguza. Moyo na mishipa ya damu hufaidika vilevile, na sukari ya damu hupata mahali pa kutumika badala ya kuzunguka na kuharibu macho na figo.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana katika kazi ambayo kila msafiri wa barabara ya Morogoro aijua. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akidai nauli. Walikuwa watu wa mji mmoja na kazi moja, lakini makondakta waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua hawakufa upesi kama wao. Morris hakuficha yaliyopinga fikira zake: baadaye alipotazama vipimo vya sare, alikuta kwamba madereva walikuwa na viuno vinene hata walipokuwa vijana, kwa hiyo tofauti yote haikutoka katika ngazi. Lakini uchunguzi mwingi uliofuata katika nchi nyingi ulithibitisha neno lake. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba wasiofanya kazi ya viungo ya kutosha wana hatari ya kufa iliyozidi kwa asilimia 20 hadi 30 kuliko wafanyao.

Barabara hiyohiyo yetu ina habari yake. Wachunguzi waliwafuata wanaume 103 na wanawake 106, wengi wao vijana, waliotoka Wilaya ya Morogoro Vijijini wakahamia Dar es Salaam. Waliwapima kabla ya kuondoka, kisha wakawapima tena mjini kwa muda wa mwaka mmoja. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Walipokuwa shambani, katika kila wanaume 100, kama 79 walifanya kazi nzito ya viungo. Mjini wakabaki 26. Wanawake walitoka 38 wakafika 16. Kwa wastani kila mmoja aliongezeka zaidi ya kilo 2 za uzito katika muda huo mfupi. Tena walikula nyama zaidi kuliko kwanza, na matunda na mboga pia. Yaani udongo uliongezeka, fundi akaondoka. Nasi wa Kibaha na Kisarawe tufahamu kwamba hatuna haja ya kuhamia Dar es Salaam ili yatupate hayo. Mji watujia wenyewe, kwa lami, kwa bodaboda na kwa kiti cha plastiki.

Labda mtu atasema, "Mimi nala vizuri, kuku na maziwa, chakula chatosha kunitia nguvu." Jibu lake lilipatikana Marekani, katika nyumba ya kutunzia wazee mjini Boston. Huko wazee 100, ambao umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 87, waligawanywa: wengine wakafanya mazoezi ya miguu kwa kusukuma uzito, wengine wakapewa kinywaji chenye lishe, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa hata kimoja. Baada ya wiki 10 waliofanya mazoezi nguvu zao zilizidi kwa asilimia 113, na mwendo wao ukawa mwepesi. Waliokaa hawakuzidi ila kwa asilimia 3. Kinywaji peke yake hakikuwafaa katika nguvu wala mwendo. Habari hizo zilitangazwa mwaka 1994. Hapa tunajifunza mambo mawili. Kwanza, chakula kisichoitwa na kazi hakigeuki kuwa nguvu. Pili, hapana umri ambao misuli imekataa kabisa kufundishwa. Bibi wa miaka 70 ni kijana mbele ya wale wazee wa Boston.

Lakini twaona haja ya kusema na upande wa pili, ambao mara nyingi husahauliwa na wanaohimiza mazoezi. Mwanamke alimaye kwa jembe la mkono, atwangaye, abebaye ndoo na kuni, huyo hahitaji kuambiwa akimbie asubuhi. Fundi wake amekwisha kuja tangu alfajiri. Alilokosa ni kitoweo na mapumziko. Kazi nzito isiyofuatwa na chakula cha kutosha hula mwili wa mfanya kazi, na zaidi akiwa na mimba au akinyonyesha. Katika nyumba kama ile tuliyoitaja, mazoezi ya kwanza ni ya baba na vijana: wachukue ndoo kisimani. Kwa tendo hilo moja wao wapata fundi, na mama apata kupumzika.

Je, mtu afanyaye haya ataishi miaka mingi? Kweli ni bora kuliko maneno matamu. Hapana awezaye kumwahidi mtu umri. Katika nchi yetu wenyewe Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, waishio kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walipimwa mapigo ya moyo kwa vyombo, na ilionekana mwaka 2017 kwamba hufanya kazi ya viungo ya wastani au nzito kwa dakika kama 135 kila siku, na dalili za ugonjwa wa moyo kwao ni chache. Hata hivyo wengi wao hufa kwa maradhi ya kuambukiza, kwa kuwa kazi ya viungo si dawa ya kila kitu. Tena protini ikizidi mno haiongezi umri. Uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wenye miaka 50 hadi 65 waliokula protini nyingi sana, hasa ya wanyama, walikufa zaidi kuliko waliokula kidogo. Lakini kwa waliopita miaka 65 mambo yaligeuka, waliokula kidogo ndio waliopungukiwa. Uchunguzi wa namna hiyo haukati shauri, lakini waafikiana na busara: katika umri wa makamo, kunde na samaki zaidi kuliko nyama nyekundu, katika uzee, kitoweo kisipunguzwe. Tunaloweza kusema kwa hakika ni hili, kwamba aliye na misuli na pumzi huishi miaka aliyo nayo akiwa amesimama kwa miguu yake.

Basi mtu afanye nini? Ajipime kwanza. Akae katika kiti kigumu kisicho na mikono, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa kwa nusu dakika, na mwenziwe ahesabu. Mwanamume wa miaka 60 hadi 64 asiyefika mara 14, na mwanamke wa umri huo asiyefika mara 12, miguu yao imepungua nguvu nao wako katika hatari ya kuanguka. Kipimo hicho ndicho dawa pia: asimame na kukaa mara chache kila siku, akiongeza kidogo kidogo, na mtu awe karibu asije akaanguka. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwenyewe ni zoezi. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima watembee upesi, au wafanye kazi ya namna hiyo, dakika 150 hadi 300 kwa wiki, yaani kama nusu saa kwa siku 5 au zaidi. Na siku 2 au zaidi wafanye kazi ya kutumia nguvu za misuli, kama kulima, kubeba, au kusukuma ukuta kwa mikono. Kijana wa bodaboda aweza kuiacha pikipiki nyumbani siku ya mapumziko na kwenda sokoni kwa miguu. Mwenye maumivu ya kifua, pumzi fupi au shinikizo kubwa la damu amwone daktari kwanza. Na mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini pasipo shauri lake. Unga wa protini uuzwao kwa makopo hauna haja kwa mtu apataye kunde na dagaa.

Nchi hii ya Kibaha ilipata zamani mfano mzuri wa kuunganisha mambo. Katika miaka ya 1960 nchi za Nordiki zilisaidia kujenga hapa kituo kimoja chenye shule ya sekondari, kituo cha afya na chuo cha wakulima, nacho kikakabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania mwaka 1970. Ndicho Shirika la Elimu Kibaha. Waliokipanga walifahamu kwamba kalamu, dawa na jembe ni kazi moja. Sisi nasi twaweza kuunganisha jembe na sufuria katika nyumba zetu, pasipo kungoja msaada wa mtu.

Turudi katika nyumba yetu ya Tangini. Mama leo amejipakulia kunde bakuli zima. Kijana amekwenda kisimani na ndoo mbili. Uji wa mtoto umekuwa na rangi ya karanga. Na bibi, badala ya kuambiwa, "Kaa, usijisumbue," ameletewa yai na kuambiwa, "Shikamoo, bibi; ukimaliza kula twende pamoja mpaka kwenye mwembe na kurudi." Heshima kwa mzee si kumkalisha tu. Heshima kubwa ni kumsaidia aendelee kusimama.